Ncha ya pasi ya solda imekufa? Jitengenezee kwa waya wa shaba, pamoja na vipuri vingine vya nyumbani (mwongozo kamili)

Hii hali unaijua, pasi imewaka dakika tano nzima, unagusisha waya wa solda kwenye ncha na badala ya kuyeyuka na kutandaa unajikunja kidonge, kinateleza pembeni kinaanguka mezani, na ncha yenyewe nyeusi kama mkaa, ukiichungulia kwa karibu unaona kishimo kimeliwa ubavuni. Ndo imekufa hiyo. Hapo watu wengi wanatupa pasi nzima wakati koili ya ndani inayopasha moto ni nzima kabisa, na ncha ni kipande cha metali tu ambacho unaweza kukitengeneza kwa jioni moja ukiwa na waya wa shaba, msumeno wa chuma na tupa. Mi nimetumia ncha za kujitengenezea miaka na sizioni kama kitu cha kubahatisha, zinafanya kazi vizuri sana mradi uelewe zinakufa vipi na uzitunze hivyo.

Kwanza hakikisha unachotaka kukitengeneza ndo kibovu. Chomoa pasi ukutani, iache ipoe, pima kwa mita kati ya pini mbili za umeme kwenye plagi. Kujua usomaji uweje chukua volti mara volti gawa kwa wati, yaani pasi ya wati 40 kwenye umeme wa volti 230 inatakiwa isome kama ohm 1,300, ya wati 60 kama 880, na ya wati 30 kama 1,760. Ikisoma karibu na hapo koili ni nzima, isiposoma kitu kabisa basi ni koili au waya wa umeme na ncha mpya haitakusaidia. Zile zenye koili ya seramiki zinasoma chini zaidi zikiwa baridi kwaiyo usishtuke.

Alafu jaribu kuifufua ya zamani kabla ya kuitupa. Ipashe moto, ichovye kwenye flaksi (dawa ya kuondoa oksidi ili solda ishike), ifute kwenye sufu ya shaba ya jikoni, ilishe solda nyingi, rudia mara nne tano. Kama weusi ni uchafu tu itarudi. Kama ngozi ya nje imeshatoboka hairudi, na hapo ndo tunaanza.

Kwa nini ncha ya dukani ina ngozi, na yako haitakuwa nayo

Ncha ya dukani ndani ni shaba, juu imepakwa chuma, na sehemu ya nyuma imepakwa kromu ili solda isipande juu. Chuma kimewekwa kwa sababu moja, bati lililomo kwenye solda linaiyeyusha shaba. Sio kwa joto, maana shaba inayeyuka kwenye 1,085 °C na pasi yako iko kwenye 350 hivi, ila inamumunyuka kwenye bati kama sukari kwenye chai. Kwaiyo ncha ya shaba tupu inapokea joto vizuri, inashika solda vizuri, kwa kweli kazi yake ni tamu kuliko ya dukani, lakini inaliwa kila siku unayoitumia na itabidi uipige tupa mara kwa mara. Solda isiyo na risasi inaila haraka zaidi kwa sababu karibu yote ni bati na inataka moto mkubwa zaidi, inayeyuka kuanzia 217 °C na kuendelea wakati ile ya 63/37 (bati 63, risasi 37) inayeyuka 183.

Usipige tupa ncha ya dukani ambayo bado ina ngozi. Hiyo ndo njia ya haraka kabisa ya kuiua. Tupa ni ya shaba tupu peke yake.

Na usitumie msumari. Naona watu wanachomeka msumari kwa sababu unaenea kwenye tundu, lakini chuma kinapitisha joto kama moja ya tano au hata moja ya nane tu ya shaba, utaona koili imekuwa nyekundu na ncha haiyeyushi kitu. Alumini nayo inapitisha joto vizuri ila solda haiishiki, ina ngozi ya oksidi inayojirudia muda ule ule unapoikwangua.

Kupata shaba ya kweli

Mabaki ya waya wa kufunga umeme nyumba ndo chanzo bora, ile yenye uzi mmoja mnene. Vipimo vyake ni hivi: waya wa 2.5 mm² una unene wa milimita 1.8 hivi, wa 4 mm² una 2.25, wa 6 mm² una 2.75, na wa 10 mm² wa uzi mmoja una karibu 3.6. Watu wengi wanachanganya hapo, namba iliyoandikwa kwenye waya ni eneo la mkato sio unene. Pia kipande cha bomba dogo la friji ambacho fundi ameshakikata kinafaa, ila usikate friji nzima mwenyewe, ndani kuna gesi.

Pima kwa sumaku, ikishika sio shaba (fimbo za kuzika ardhini kwa ajili ya athi, ile njia ya usalama ya umeme kwenda ardhini, nyingi ni chuma kilichopakwa shaba juu, zinadanganya sana). Alafu kata ncha ya waya uangalie mkato wenyewe, ukiona katikati ni peupe na wekundu uko pembeni tu hiyo ni alumini iliyovikwa shaba, iache.

Kutengeneza ncha, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, legeza skrubu, toa ncha ya zamani pasi ikiwa baridi. Ikigoma usiivute kwa nguvu ya kupinda, izungushe kwa plaizi kidogo kushoto kidogo kulia mpaka oksidi ivunjike, kisha geuza pasi ugonge mpini kidogo vumbi jeusi limwagike. Pima unene wa ncha, na pima vizuri zaidi urefu wa sehemu iliyokuwa imezama ndani, weka alama.

Hatua ya pili, kata shaba yenye urefu ule ule. Kishawishi ni kuifanya ndefu ili ifike pembe ngumu, lakini kila milimita unayoongeza nje ni joto unalopoteza. Na sehemu ya ndani lazima izame yote kama ya zamani, ikiwa fupi koili inabaki na joto lisilo na pa kwenda na inaungua mapema.

Hatua ya tatu ni kulainisha. Shaba uliyoinyoosha na kuipinda imekuwa ngumu, ipashe kwenye jiko mpaka iwe na wekundu hafifu wa gizani, itumbukize kwenye maji. Chuma cha patasi ukikipasha mpaka kiwe chekundu sana na kukitumbukiza majini kinakuwa kigumu, shaba inakuwa laini kama nta. Inyooshe kwa kuibiringisha kati ya vibao viwili bapa.

Hatua ya nne, umbo. Hapa usikimbilie ncha kali kama sindano, najua inaonekana ya kitaalamu lakini inagusa kidogo sana na joto halipiti, na ikiliwa nusu milimita imekwisha. Mi napiga umbo la bisibisi, bapa pande mbili, upana wa milimita 2 mpaka 3 mwishoni, inatosha kwa kazi nyingi za bodi za saketi. Anza kwa nyundo ndogo, ugonge ubapa taratibu juu ya kipande cha chuma, hii inabana shaba na kukupunguzia kazi ya tupa. Kisha tupa. Shaba inaziba meno ya tupa vibaya sana, kwaiyo kabla ya kuanza sugua chaki ya ubaoni kwenye tupa yote iwe nyeupe, chembe za shaba zitadondoka zenyewe ukiigonga. Malizia kwa msasa laini mpaka ing'ae, maana kila mkwaruzo ni mahali pa oksidi kujificha.

Hatua ya tano, kuienea kwenye tundu. Kama shaba yako ni nyembamba kuliko tundu, usiiache ikichezacheza, hewa haipitishi joto. Kata ukanda wa shaba bapa nyembamba au chukua nyuzi za waya laini ulizozinyoosha, zungushia sehemu ya ndani mpaka ijae. Kama ni nene, piga msasa. Iingie kwa mkono bila kulazimisha, na iwe na ulegevu kama wa unene wa karatasi, kwa sababu ikishapata moto inaota oksidi inavimba na utakuja kuitoa kwa machozi. Kabla ya kuichomeka sugua penseli kwenye sehemu yote itakayokuwa ndani, ile risasi ya penseli ni grafiti na inazuia kugandana. Usipake mafuta, yataungua yawe gundi.

Hatua ya sita ndo yenye thamani kuliko zote, na ndo watu wanaikosea. Ncha ikiwa bado baridi na inang'aa, ipake flaksi, alafu izungushie waya wa solda mizunguko mitano sita pale mwishoni kabisa, ndo uwashe. Unataka solda iyeyuke na kuifunika shaba dakika ile ile inapofika joto, kabla oksidi haijaota. Ukiiangalia kwa karibu utaona shaba inageuka kwanza rangi ya chungwa iliyokolea, kidogo kama zambarau, alafu ghafla solda inalegea na kutandaa inapanda ikiwa kama kioo cha fedha. Ukisubiri ipate moto kwanza ndo ulishe, utapata nyeusi na itabidi uanze na tupa tena.

Kuitunza

Iache na solda siku zote, hata unapozima zima ikiwa na tone juu. Ukiona kishimo, subiri ipoe, piga tupa mpaka uso uwe bapa tena, ivishe solda upya. Isogeze nje kidogo kila unapoipunguza lakini mwisho wa ndani usitoke kwenye koili, ikifika hapo tengeneza nyingine. Toa ncha mara moja kwa wiki kama unatumia kila siku, gonga vumbi, rudisha. Kuna solda zilizowekwa shaba kidogo ndani kama Savbit yenye kama asilimia 1.5, bati lake limeshashiba shaba kwaiyo linakula ncha polepole, ukiipata kwa kazi za waya mnene utaona tofauti.

Pasi yenye ncha ya tundu

Zile ncha za aina ya 900M zimetobolewa katikati na zinavaliwa juu ya koili ya seramiki, hizo usihangaike kuzichonga, na za T12 ndo kabisa, koili na kipima joto viko ndani ya ncha yenyewe. Kwa hizo tumia ujanja wa kuzungushia: chukua waya wa 2.5 mm², ulainishe kwenye moto, uzungushie kwenye ncha ya zamani mizunguko sita mpaka nane iliyobanana kabisa, uache mkia wa milimita 10 mbele, uuchonge na kuuvisha solda. Pasi kubwa ya wati 60 unaweza kuigeuza hivi iingie kwenye kazi ndogo. Mizunguko ikilegea joto linakatika, kwaiyo ibane kwa plaizi ikiwa baridi, na utegemee itakuwa ya baridi kidogo kuliko ncha halisi.

Bastola ya solda

Hii ndo rahisi kuliko zote na sijui kwa nini mtu ananunua ncha zake. Carl Weller aliipatia hataza Marekani mwaka 1946, na mpaka leo ndani ni transfoma moja ambayo upande wake wa pili una mzunguko mmoja tu, volti yake kwa kawaida haifiki 1 lakini ampea zinapita 100, na ncha ndo inafunga njia ya huo umeme. Kwaiyo ncha ni waya wa shaba tu. Kata waya wa 2.5 mm² wenye uzi mmoja, urefu sawa na wa zamani, upinde umbo la U nyembamba, na pale kwenye kona ya mbele ubane kwa plaizi mpaka uwe mwembamba kidogo kuliko miguu yake. Hapo pembamba ndo panapopata moto zaidi kwa sababu umeme ule ule unapita njia finyu. Ukitumia waya mwembamba sana wote unawaka na kukatika, ukitumia mnene sana transfoma inapata moto badala ya ncha.

Sehemu ya kuwa makini ni zile nati mbili. Kwa ampea hizo mguso mchafu kidogo tu unakula nguvu yote, kwaiyo piga msasa miguu ya waya na ndani ya tundu, kaza, washa sekunde chache, zima, iache ipoe, kaza tena. Ukisikia bastola inaunguruma lakini haiyeyushi, asilimia kubwa ni nati imelegea.

Skrubu, kishikio na vya kusafishia

Skrubu ya kubana ncha kwenye pasi za bei nafuu nyingi ni M3 (unene wa milimita 3), na kichwa chake ndo kinachofa kwanza. Kwenye sidiroom mbovu za kompyuta kuna M3 za kutosha. Zile za hadidiski kubwa ya inchi 3.5 zinafanana kwa macho ila ni za inchi, 6-32, ukizilazimisha zinaharibu tundu. Ipake penseli nayo.

Kishikio kinatengenezwa kwa hanga la waya la nguo. Likwangue rangi kwa msasa kwanza, usiichome, moshi wa plastiki ni mbaya. Lizungushe kwenye mpini wa fagio mizunguko kumi na mbili iliyoachana kidogo, mkia wa chini uupinde na kuufunga kwa skrubu kwenye ubao mzito wenye kigae juu. Jaribu kuvuta waya wa pasi kwa nguvu kidogo, kishikio kikiinuka ongeza uzito.

Sponji za jikoni nyingi ni plastiki na zinayeyukia kwenye ncha. Inayofaa ni ile ambayo ikikauka inakuwa ngumu kama ubao na ukiilowesha inavimba. Ukikosa, taulo la pamba lililokunjwa mara nne, lenye unyevu tu bila kuchuruzika maji. Sufu ya shaba ya kusugulia vyungu ni bora zaidi maana haiipoozi ncha, ila ipime kwa sumaku, nyingi ni chuma cha rangi.

Flaksi, utambi na pampu

Flaksi: saga rozini, ile wanayopaka kwenye nyuzi za fidla inafaa sana, weka sehemu moja kwa uzito kwenye sehemu tatu za spiriti ya isopropili, funga chupa, iache usiku mzima ukitikisa mara moja moja, chuja kwa kitambaa. Inawaka moto kwaiyo iweke mbali na pasi, na uandike kwenye chupa. Flaksi ya mafundi bomba usiiguse kwa kazi ya bodi, ina kloridi ya zinki na itaendelea kula shaba ya bodi muda mrefu baada ya wewe kumaliza. Moshi wa rozini unachokoza pumu, fungua dirisha uweke feni inayovuta pembeni yako, na kwa sababu ya risasi osha mikono kabla ya kugusa chakula.

Utambi wa kunyonya solda: menya waya laini wa taa, gawa nyuzi mafungu matatu, suka kama nywele, ugonge uwe bapa, uchovye kwenye flaksi yako, uanike. Nyuzi ziwe zinang'aa, zikiwa za kahawia hazinyonyi. Zishike kwa kibanio cha nguo cha mbao, shaba itakuchoma vidole kabla hujaona solda ikiyeyuka.

Pampu ya kunyonya solda iliyoungua mdomo ivishe kipande cha mpira wa silikoni urefu wa sentimita moja, kitokeze milimita 2 mbele. Unaweza kuigusisha moja kwa moja kwenye ncha ya pasi na inakumbatia mguu wa kipuri vizuri kuliko ule mdomo wa kiwandani. Kujua kama mpira ni silikoni choma kipande kidogo nje, silikoni inaacha jivu jeupe, plastiki inayeyuka na kutoa moshi mweusi.

Ambavyo hutengenezi

Koili hapana. Najua waya wa nikromu upo kwenye tosta bovu na karatasi za mika pia, lakini kinachokutenganisha na umeme wa ukutani ni unene wa ile mika, na ukiifunga kwa mkono vibaya pasi nzima inakuwa na umeme mkononi mwako. Nunua. Fyuzi nayo usiibadilishe kwa uzi wa waya wala karatasi ya sigara.

Waya wa umeme unaweza kuubadilisha kama una uzoefu, na mzuri kuliko wote ni wa pasi ya nguo ya zamani ule uliovikwa kitambaa, ukigusana na ncha hauyeyuki papo hapo kama plastiki. Uwe na nyuzi tatu, kijani chenye mstari wa njano kirudi kwenye bomba la chuma la pasi, na kile kibana waya ndani ya mpini kirudishwe, usifunge fundo. Ukimaliza, kabla ya kuchomeka ukutani, pima kutoka pini ya athi mpaka kwenye ncha, isome ohm 1 au 2 sio zaidi, alafu pima kutoka kila pini ya umeme mpaka kwenye ncha, isisome kitu kabisa. Ikisoma chochote fungua tena.